Mama mkwe anatushonea nguo zote, binti yangu amezikataa

BARUA

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro na mume wangu mwenye miaka 46. Baba mkwe alipofariki tulikubaliana mama mkwe ahame Korogwe aje kukaa nasi. Alikuja na begi moja la nguo na cherehani yake ya miguu, ile ya zamani yenye meza ya mbao. Tangu afike, wanangu hawanunuliwi nguo dukani isipokuwa sare za shule na nguo za ndani. Mama anashona kila kitu: magauni, kaptula, mashati ya baba yao, madera yangu, hadi mapazia. Tena hashoni kitambaa cha dukani. Ananunua marekani au kitambaa cheupe cha pamba, anachora kwa nta, anatia rangi mwenyewe uani, ndipo anakata. Hapimi kwa tepu. Humsimamisha mtoto mlangoni, akamtazama juu mpaka chini, basi, kesho nguo iko tayari.

Batiki zake ni nzuri, sisemi kwa kumpamba. Kuna shati la mume wangu la rangi ya udongo lenye michirizi ya samawati, watu humsimamisha njiani kumuuliza kanunua wapi. Na kitambaa hununua kwa fedha yake, ile kidogo anayotumiwa na wifi yangu. Kwa kipato chetu, ametubeba.

Shida imeanza mwaka huu. Binti yetu mkubwa ana miaka 13, ameingia kidato cha kwanza. Bibi hukata kitambaa kimoja kwa wote watatu, kwa hiyo Jumapili wanatoka wamefanana kuanzia mkubwa hadi wa mwisho. Wenzake kwenye mafundisho ya kipaimara wanawaita “kwaya.” Mmoja alikuja nyumbani, akatazama dirishani, akauliza kama gauni la binti yangu limekatwa kwenye pazia. Na kweli kilikuwa kipande kilichobaki. Tangu hapo kila Jumapili tumbo linamuuma.

Mdogo wangu alipokuja kututembelea alimletea gauni la mtumba, la bluu, la kawaida tu. Binti akawa analiweka kwa rafiki yake; anatoka nyumbani na nguo ya Bibi, anabadili huko. Nilijua, nikanyamaza. Siku moja likachanganyika na nguo chafu, Mama akalikuta. Hakusema neno. Alilifua, akalipiga pasi, akaliweka kitandani kwa mjukuu wake. Kisha akaifunika cherehani kwa kanga, na hajaigusa tena. Anapika, anasali, anacheza na mdogo, lakini nikimuuliza kama kuna tatizo anajibu, “Hakuna, mwanangu, macho yamechoka.” Mume wangu anasema mama yake ameumizwa na mimi nimemdekeza mtoto. Anataka binti aombe msamaha na arudi kuvaa nguo za Bibi.

Jambo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Mama hutia rangi kwa kostiki soda na ile unga nyeupe yenye harufu kali, haidro. Mwanangu wa mwisho ana miaka 3 na hakuna kitu asichokigusa. Siku chache kabla ya hili la gauni nilikuta chini ya meza ya jikoni chupa ya maji ya kunywa, ndani yake mna soda iliyokwisha kukorogwa, imebaki. Nikaipandisha dirishani. Kesho yake nikaikuta chini pale pale. Beseni la rangi nalo ndilo tunaloshea mboga. Nilikuwa nimejipanga kumweleza, ndipo la gauni likatokea. Nikisema sasa ataona tumekataa nguo zake na leo tunakataa na kazi yake, kesho tutamkataa mwenyewe. Mume wangu anasema mama yake alitia rangi hivyo hivyo wao wakiwa wadogo na hakuna aliyedhurika. Najipa moyo kwamba kwa kuwa ameacha kushona, hatari imekwisha, lakini vifaa vyote bado vipo.

Je, nimlazimishe binti? Nimbembeleze Mama arudi kwenye cherehani, au ninyamaze mpaka lipoe lenyewe? Na hiyo soda niiseme vipi?

Mkwe, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huu, na nakushukuru kwa kueleza kwa kina, maana baadhi ya majibu yako umeyaandika mwenyewe bila kuyaona.

Nikikuelewa vizuri, una mama mkwe aliyewavisha kwa mikono yake na kwa fedha yake, binti anayeona haya kuvaa alichovishwa, mume aliyeshika upande wa mama yake, na chupa ya sumu jikoni. Umekwama kwa sababu unaamini haya yote ni jambo moja, kwamba huwezi kugusa la soda bila kutonesha la gauni. Mimi nayaona mawili. La gauni linaweza kusubiri hata miezi. La soda lisisubiri jioni ya leo.

Kostiki soda ikishayeyuka kwenye maji haina rangi wala harufu. Mtoto wa miaka 3 akiiona kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwake hayo ni maji. Funda moja tu linaunguza mdomo, koo na njia ya chakula, na kidonda kikipona kinaweza kuacha kovu linalobana njia hiyo, mtoto akashindwa kumeza vizuri kwa miaka. Mumeo anasema hakuna aliyedhurika. Ninaamini, na ninamshukuru Mungu pamoja naye, lakini hilo linatueleza yaliyopita tu. Kwa hiyo leo hii chupa hiyo itoke jikoni, na mabaki yasirudi tena kwenye chombo chochote kinachofanana na cha kunywea. Na ujue haya, ingawa naomba usiyahitaji kamwe: mtoto akiinywa, asitapishwe, kwa sababu ikirudi juu inaunguza mara ya pili, asipewe ndimu wala siki, asuuzwe mdomo na akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Ikimwagikia ngozi au jicho, ni maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali.

Sasa tuje kwenye hofu yako, kwamba ukisema ataona anafukuzwa. Umeliwaza jambo hili kama habari ya kumkataza. Lakini fikiria mkienda kwake na sanduku lenye kufuli, beseni la plastiki ambalo ni la rangi tu, glavu ndefu za mpira, kijiko na ndoo ambavyo havitaingia jikoni tena. Mtu anayetaka uache kazi hakununulii vifaa vya kazi. Ndiyo maana ningetamani sanduku hilo alitengeneze au alinunue mumeo, alikabidhi kwa mkono wake, na ufunguo abaki nao Mama. Hapo hata yeye mumeo anapata la kufanya zaidi ya kuamua nani kakosa. Maneno yanaweza kuwa machache: “Mama, kazi ni yako na cherehani ni yako. Huyu mdogo anashika kila kitu, tumeogopa, tumekutafutia mahali pa kuweka dawa zako.” Yaseme kwa jina la mtoto, wala usiyachanganye na la gauni hata kidogo.

Na hapa nikuulize. Ulipoikuta chupa imerudi chini ya meza, ulisoma kama ubishi. Je, mkono wake unafika dirishani bila kupanda kiti? Huenda goti halimruhusu. Huenda hakujua hata nani aliihamisha. Muulize kabla ya kuamua, kwa sababu sanduku likiwekwa mahali asipopafikia, chupa itarudi chini tu.

Kama atarudi kwenye rangi, yapo mambo ambayo fundi wa zamani anayajua kwa mkono lakini si vibaya kuyazungumza. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji baridi kidogo kidogo, si maji kumiminwa juu ya soda, kwa sababu hupata joto ghafla na kuruka. Sufuria za alumini zisitumike, maana soda inazila. Haidro ikipata unyevunyevu inaweza kupata joto yenyewe mpaka ikawaka, kwa hiyo ikae kavu na ifunikwe vizuri. Na mvuke wake ni mbaya kwa mwenye pumu, hivyo kazi ifanyike uani penye hewa, mtoto akiwa kwa jirani au amelala na mtu mwingine akimwangalia. Nta iyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye sufuria ya maji, si juu ya moto wenyewe. Ikishika moto hufunikwa, haimwagiwi maji.

Unaweza kushawishika kumwambia aache soda kabisa atumie rangi za asili. Maganda ya vitunguu maji yakichemshwa na kitambaa kilicholowekwa kwenye shabu hutoa manjano ya dhahabu hadi rangi ya chungwa, na watoto wanaweza kusaidia kukusanya maganda. Ni kazi nzuri ya kufanya na wajukuu. Lakini uwe mwangalifu. Rangi hiyo inataka maji ya moto, na maji ya moto yanaondoa nta, kwa hiyo haifai kwa batiki ya nta. Hapo ni kufunga kitambaa kwa uzi tu. Kwenye pamba huwa hafifu kuliko anazozijua, na jua huipausha. Kumwambia mtu aliyebobea kwenye nta na soda achemshe maganda kunaweza kumfanya ajione ameshushwa. Likitajwa, ni vyema liwe mchezo wa kuongeza, lisiwe la kuondoa anayoyaweza.

Turudi kwa hilo gauni la bluu. Unasema alilikuta, akalifua, akalipiga pasi, akaliweka kitandani kwa mjukuu. Wewe na mumeo mmelisoma kama kilio, na huenda ndicho. Lakini angeweza kulitupa kwenye kapu. Angeweza kukuita akakuuliza. Alilitunza kama anavyotunza nguo alizoshona mwenyewe, akalirudisha kwa mwenyewe, mahali pa wazi. Labda alikuwa anamwambia mjukuu kwamba asijifiche. Labda kilichomuuma ni kule kufichwa, kwamba nyumba nzima ilijua isipokuwa yeye. Siwezi kujua kutoka hapa, na nadhani hata wewe hujui, kwa kuwa hajaulizwa. Umemuuliza kama kuna tatizo. Kwa mtu wa umri wake, aliye kwenye nyumba ya mwanawe, jibu la swali hilo ni “hakuna.”

Fikiria pia alikotoka. Mumeo ana miaka 46, kwa hiyo mama yake alikuwa na watoto wadogo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliokuwepo wanakumbuka: kanga na vitenge viliadimika, sabuni na sukari ni kwa foleni, na mitumba ilikuwa bado haijajaa sokoni kama ilivyokuja kujaa baada ya serikali kulegeza masharti ya biashara mwaka 1984. Mama aliyeweza kupata kipande cha marekani, akakitia rangi na kukishona, watoto wake walikwenda kanisani wamevaa. Kufanana kwao ilikuwa fahari, maana yake wote wamepata, hakuna aliyebaki. Leo gauni la mtumba linaweza kuwa bei rahisi kuliko kitambaa chenyewe kabla hakijakatwa. Binti yako hawezi kuliona vazi hilo kwa macho ya bibi yake, na bibi hawezi kuliona kwa macho ya wenzake wa kipaimara. Sioni wa kulaumiwa hapo.

Na huyu binti, amekataa nini hasa? Nimesoma barua yako mara kadhaa nikitafuta mahali anaposema hapendi nguo za Bibi. Sikupaona. Aliitwa “kwaya” kwa sababu ya kufanana na wadogo zake. Aliulizwa la pazia. Hakusema rangi ni mbaya wala mshono ni mbaya. Halafu kuna jambo umeliandika kama sifa, na ni sifa kweli, kwamba Bibi hapimi, hutazama tu. Jicho hilo linatosha kwa mtoto wa miaka 8. Msichana wa miaka 13 mwili unabadilika kila baada ya miezi michache. Kifua kinabana, kiuno kinashuka, urefu wa gauni unamfanya aone kila mtu anamtazama. Hayo hatayasema mbele ya baba yake. Huenda hata kwako hajayasema. Mkiwa wawili, mnaosha vyombo au mnachambua mchele, muulize nguo zinamkaaje mwilini, uache ajibu bila kumsahihisha.

Mumeo anataka aombe msamaha na arudi kuvaa. Naona anamtetea mama yake, na si vibaya mtoto kujifunza kwamba kuficha kunaumiza watu. Ila msamaha wa kuamriwa utatoka mdomoni tu, na Bibi ambaye amelea atajua. Mjukuu akivaa gauni Jumapili amevimba uso, sidhani kama Bibi atafurahi kumtazama. Tena kuna haki ndani yake: wewe ulijua na mdogo wako ndiye aliyeleta. Kumwacha mtoto peke yake asimame mbele ya bibi yake kubeba jambo ambalo watu wazima walilifahamu, nadhani hata wewe moyo wako unasita.

Kunyamaza mpaka lipoe ndiko kunakokuvuta, nami naelewa. Wakati mwingine kweli wazee hupoa. Hatari yake ni kwamba cherehani iliyofunikwa huzoeleka, kila mtu akaipita kama kabati, na mama aliyekuja kwenu na begi moja la nguo na mashine yake akabaki na begi tu. Kwake kushona huenda ndiko kunakomfanya ajihisi mwenyeji, si mgeni wa kulishwa. Na nikuulize kwa upole: hilo uliloniandikia mimi, kwamba amewabeba, umewahi kumwambia yeye?

Unaweza kumtumia wifi yako. Kwa desturi zetu ndiyo njia ya heshima, binti wa kumzaa anaweza kusema ambayo mkwe hawezi. Lakini neno likisafiri hadi kwake na kurudi huongezeka, na yeye ndiye anayetuma fedha ya vitambaa. Anaweza kusikia kwamba fedha yake inadharauliwa. Ukimwendea, mweleze yote, pamoja na la soda, asije akalisikia upande mmoja.

Kuna pia kuwaacha Bibi na mjukuu wenyewe. Siku binti atakapokuwa tayari, aende na kitambaa alichokichagua yeye na mtindo alioupenda, amwombe Bibi amkatie, safari hii kwa tepu, vipimo viandikwe kwenye daftari. Akae pale akanyage cherehani, ajue kujaza bobini na kupinda. Inaweza kuwafungua wote wawili. Inaweza pia kushindikana: Bibi akasema mtindo huo haufai, au gauni likaisha na binti bado asilivae. Mkijaribu, mjaribu mkijua hivyo, na bila wewe kusimama mlangoni ukisubiri wakumbatiane. Huenda mkafika mahali nguo za Bibi zikawa za siku fulani na za mtumba za siku nyingine, na watatu hao wasikatiwe tena kitambaa kimoja.

Najua utajiuliza kuhusu lile shati linalosimamisha watu njiani. Ndiyo, angeweza kuuza, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa 1973, lina ofisi mikoani na hufundisha batiki. Ila oda zina tarehe, zina wateja wanaogomba, na zinaleta soda nyingi zaidi uani kwako. Asije akapata kazi nyingine ya kuwalisha wakati alikuja kupumzika. Hilo aseme mwenyewe kama analitaka.

Nimebakiza jambo moja. Alikuambia macho yamechoka, na wewe umelichukua kama kisingizio. Kwa umri wake linaweza kuwa kweli tupu. Mtoto wa jicho huja taratibu, hufifisha rangi, hufanya kutunga uzi kuwa mateso, na mzee anaweza kuficha mpaka apate sababu ya kuacha bila kuaibika. Gauni la bluu lingeweza kuwa sababu hiyo. Mpelekeni akapimwe, mumeo aende naye. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji, na kama tatizo ni miwani tu, ni rahisi zaidi. Kisha niandikie daktari amesema nini, maana jibu lake linaweza kubadilisha nusu ya haya niliyokuandikia.